VPN ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watumiaji wa Tanga

Maswali haya yanarudi kila mara: kutoka kwa mwanafunzi anayetumia Wi-Fi ya chuo, karani anayeingia kwenye mfumo wa ofisi akiwa Lushoto, na mfanyabiashara anayevuka Horohoro kwenda Mombasa. Majibu yanahusu simu za Android na iPhone. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. VPN inafanya nini hasa kwenye simu?

Inachukua kila kinachotoka kwenye simu kwenda intaneti, inakisimba, yaani inakigeuza kisisomeke na mwingine, kisha inakipeleka kwanza kwenye seva, kompyuta ya mwenye VPN iliyo mtandaoni. Seva hiyo ndiyo inayokwenda kwenye tovuti kwa niaba yako. Ni kama kutia barua yako ndani ya bahasha nyingine yenye anwani ya mtu wa kati: tarishi anaisoma bahasha ya juu tu. Kampuni ya laini yako, au mwenye Wi-Fi, anabaki kuona kwamba simu hii inazungumza na seva fulani, tangu saa ngapi, na kwa megabaiti ngapi. Tovuti nayo inaona anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho kwenye intaneti) ya seva, haioni ya laini yako.

Sasa huyo mtu wa kati anaona yale yale ambayo kampuni ya simu ilikuwa ikiyaona. Kwa hiyo unapochagua VPN unachagua nani umkabidhi siri zako, na ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu hapa chini inahusu mwenye programu kuliko rangi na vitufe vyake.

VPN haikufichi kwa Facebook au Google ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Haizimi GPS. Haiondoi virusi. Na mnara wa simu bado unajua laini yako ipo Ngamiani au Raskazone.

2. Kuna tofauti gani kati ya programu ya VPN na huduma ya VPN?

Programu ni kile unachopakua kwenye simu. Huduma ni seva zilizo upande wa pili. Kampuni nyingi zinakuuzia vyote pamoja: unapakua programu yao, unaingia kwa akaunti, unachagua nchi, basi.

Lakini zipo programu tupu, zisizo na seva yoyote ndani: WireGuard, OpenVPN for Android, strongSwan. Hizi zinasubiri faili ya usanidi, yaani mipangilio iliyoandikwa tayari, au msimbo wa QR kutoka ofisini kwako au kwenye kampuni unayoilipa. Mtu anazipakua, anazifungua, anakuta ukurasa mweupe, anazifuta akidhani ni mbovu. Si mbovu. Mwombe mtu wa TEHAMA wa ofisi yenu akupe QR, uipige picha ndani ya programu yenyewe, na kazi imekwisha. Usiisambaze hiyo QR kwenye kundi la WhatsApp: ndani yake mna ufunguo wa siri, na atakayeupata ataingia kwenye mtandao wa ofisi kwa jina lako.

3. Je, ninaihitaji kweli?

Pengine huihitaji. Tovuti nyingi na karibu programu zote za benki tayari zinasimba mawasiliano yake zenyewe, kwa hiyo mtu aliyekaa nawe kwenye Wi-Fi ya hoteli hawezi kusoma nenosiri lako kirahisi. Anachoweza kuona ni majina ya tovuti unazotembelea. Na malipo ya simu kwa njia ya menyu ya nyota na reli hayapiti kwenye intaneti kabisa, kwa hiyo VPN haiyagusi, hailindi wala haizuii.

Unaihitaji unapoingia kwenye mfumo wa kazi uliofungwa kwa watu wa ndani tu. Unapotumia mara kwa mara Wi-Fi ya watu usiowajua, kwenye nyumba ya wageni au kwenye mgahawa. Au usipotaka kampuni ya simu au mwenye Wi-Fi ajue unasoma nini. Hiyo ya mwisho ni haja halali kabisa. Mtu anayetafuta habari za ugonjwa wake hana sababu ya kumwonyesha mwenye hoteli.

4. Sheria ya Tanzania inasemaje?

Soma hili kabla ya kupakua chochote. Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta (Maudhui Mtandaoni) za mwaka 2020, kanuni ya 16(2), zinakataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia au programu inayomsaidia mtu kufikia maudhui yaliyokatazwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN kutoa taarifa za VPN hizo kwa mamlaka, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 Oktoba 2023. Kwa ofisi jambo hili linatekelezeka, kwa sababu seva ya ofisi ina anwani isiyobadilika. VPN za kibiashara mara nyingi hubadilisha anwani unapounganisha upya, kwa hiyo kama ni kwa ajili ya kazi, mwajiri aulize TCRA namna ya kuijaza taarifa hiyo na akuthibitishie kwa maandishi kwamba amekamilisha. Kanuni hubadilika, fuatilia matangazo ya TCRA yenyewe, usitegemee ujumbe unaozunguka kwenye makundi.

## Kuchagua

5. Ya bure au ya kulipia?

Seva, umeme na njia ya intaneti vinagharimu pesa kila mwezi. Programu ya bure isiyoeleza gharama hiyo analipa nani, mlipaji ni wewe kwa taarifa zako.

Hili lina ushahidi. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikaisambaza programu yake ya VPN ya bure, na kwa njia hiyo ikawa inajua watu wanatumia programu gani nyingine. Apple iliilazimisha kuondoka kwenye duka lake Agosti 2018. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN nyingine ya bure, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake wa bure, yaani mtu mwingine anapita kwenye laini yako na kufanya atakalo kwa anwani yako. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya CSIRO ya Australia na wenzao walichambua programu 283 za VPN za Android: asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba chochote. Na Julai 2020 UFO VPN, iliyoahidi kutohifadhi kumbukumbu za yale watu wanayofanya mtandaoni, ilikutwa kumbukumbu za watumiaji wake ziko wazi mtandaoni.

Ya bure inayokubalika ni ile inayobebwa na wateja wanaolipa. Proton VPN ya bure haina kikomo cha data, ila ni kwa kifaa kimoja na huchagui nchi mwenyewe. Windscribe inatoa GB 10 kwa mwezi ukithibitisha barua pepe. Kwa mtu wa matumizi ya kawaida, mojawapo ya hizi inatosha.

6. Nitaijuaje programu ya kuaminika kabla ya kuipakua?

Usitazame nyota. Nyota zinanunuliwa. Tazama haya, kwa mpangilio huu.

Kwanza, mwenye programu ni nani. Kwenye ukurasa wa duka shuka chini kabisa: jina la kampuni, anwani, tovuti. Kama kuna barua pepe ya Gmail tu na sera ya faragha iliyowekwa kwenye hati ya bure ya mtandaoni, iache hapo hapo.

Pili, imekaguliwa na nani. Kampuni makini huajiri wakaguzi wa nje na kuchapisha ripoti nzima, pamoja na kasoro zilizopatikana. Tangu Januari 2025 Google Play inaziwekea alama ya kuthibitishwa programu za VPN zilizopita ukaguzi wa usalama. Alama hiyo ni ya kutazamwa, ingawa haisemi kampuni inahifadhi nini kwenye seva zake.

Tatu, ahadi ya kutohifadhi kumbukumbu imewahi kujaribiwa? Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad wakiwa na hati ya upekuzi, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu taarifa za wateja hazikuwepo. Mfano kama huo una uzito kuliko ukurasa mzima wa matangazo.

Nne, ruhusa. VPN itaomba ruhusa ya kuunganisha, na pengine ya kutuma arifa. Kamera inaweza kuombwa kwa ajili ya QR, na mahali ulipo kwa ajili ya kutambua jina la Wi-Fi. Ikiomba majina ya simu yako, ujumbe mfupi au maikrofoni, hakuna kazi ya VPN inayohitaji hivyo.

Na pakua kutoka Play Store au App Store tu. Faili ya VPN uliyorushiwa na rafiki kwa Xender hujui imepitia mikono ya nani.

7. Nichague itifaki gani?

Itifaki ndiyo namna simu na seva zinavyozungumza. Kwenye mipangilio ya programu utakutana na tatu.

WireGuard ndiyo ya kuanzia. Ni nyepesi: msimbo wake wa asili una mistari karibu 4,000, na tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux, mfumo ulio chini ya Android, toleo la 5.6. Usimbaji wake, ChaCha20, unakwenda kasi hata kwenye simu za bei nafuu ambazo prosesa yake haina sehemu maalumu ya AES, aina nyingine ya usimbaji. Ukitoka kwenye Wi-Fi ya nyumbani ukaingia kwenye data njiani, haikatiki.

IKEv2 nayo inavumilia kubadilisha mtandao, na tayari imo ndani ya iPhone na Android mpya bila kupakua kitu. Inatumia milango (namba za kupitia) 500 na 4500 ya UDP, mojawapo ya njia mbili za kutuma data. Mtandao ukiifunga hiyo, imekwisha.

OpenVPN ni ya tangu 2001, nzito kiasi na inakula betri zaidi, lakini ina faida moja kubwa: inaweza kupita kwa TCP, ile njia nyingine, kwenye mlango 443, ule ule unaotumiwa na tovuti zote. Mtandao wa chuo au ofisi unaozuia UDP mara nyingi huiacha hii ipite.

PPTP, itifaki ya zamani, usiiguse. Usimbaji wake ulivunjwa zamani, Apple waliiondoa kwenye iOS 10 mwaka 2016. Android 12 nayo haikuruhusu tena kuongeza PPTP wala L2TP, itifaki nyingine ya zamani. Kama ofisi yenu bado inatoa PPTP, waambieni wabadilishe seva.

8. Kutoka Tanga, seva ya nchi gani ni nzuri?

Ya karibu, isipokuwa una sababu ya nchi maalumu. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde. Johannesburg iko kama kilomita 2,600 kutoka Tanga kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 26. Amsterdam ni karibu kilomita 7,000, angalau milisekunde 70, na nyaya hazinyooki: zinapita baharini, kwa hiyo namba halisi huwa kubwa zaidi. Kusoma habari hutaona tofauti. Kupiga simu ya video utaiona.

Anza na Nairobi kama huduma yako inayo, kisha Johannesburg, kisha Ulaya. Jihadhari na kitu kimoja: kasi ya leo si ya kesho. Intaneti yetu inategemea nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy zinazoingilia Dar es Salaam, na zilipopata hitilafu pamoja Mei 2024 nchi nzima iliyumba. Siku kama hiyo usihangaike kubadilisha programu. Jaribu seva ya upande mwingine wa dunia.

9. Nalipaje kama sina kadi ya benki?

Huduma kadhaa za pesa kwa simu hapa nchini hutoa kadi ya mtandaoni, yenye namba na tarehe kama kadi ya benki. Iwekee kiasi cha malipo pamoja na ziada kidogo kwa ajili ya kubadilisha fedha. Lipa mwezi mmoja kwanza. Ofa za miaka miwili zinazopunguza bei kwa asilimia kubwa zinakufunga kwa kampuni ambayo hujaijaribu kwenye laini yako, na kurudishiwa pesa kwenye kadi ya mtandaoni iliyokwisha muda ni usumbufu mkubwa. Usimlipe mtu anayeuza akaunti za VPN za bei chee: akaunti hizo mara nyingi ni za wizi, na siku mwenyewe akibadilisha nenosiri utabaki nje.

10. Basi mnapendekeza ipi?

Kwa asiyetaka kulipa: Proton VPN. Kwa anayelipa na anayejali faragha kuliko yote: Mullvad, euro 5 kwa mwezi, haina mkataba, haitaki hata barua pepe, inakupa namba ya akaunti tu. Iandike namba hiyo kwenye daftari; ukiipoteza, hakuna wa kukurudishia. Kwa kazi ya ofisi: programu rasmi ya WireGuard, au ile atakayokuambia mtu wa TEHAMA.

Programu ya 1.1.1.1 ya Cloudflare, ile yenye WARP, inasimba njia kati yako na wao, lakini haikusudiwi kuficha uko nchi gani. Kwa Wi-Fi ya hotelini inatosha.

## Kuiweka na kuipima

11. Naiwekaje kwenye Android ili isivuje?

Unganisha mara moja kwa kawaida, uone alama ya ufunguo juu ya skrini. Kisha fungua Mipangilio, Mtandao na intaneti, VPN, gusa gurudumu pembeni ya jina la programu. Kuanzia Android 8 utakuta swichi mbili: ya kuiacha VPN iwake daima, na ya kuzuia muunganisho wowote usiopitia VPN. Washa zote mbili. Kwenye Samsung njia inapitia Miunganisho. Kwenye Tecno na Infinix ukipotea, andika VPN kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya Mipangilio.

Swichi ya pili ndiyo inayookoa. Bila hiyo, VPN ikianguka kwa sekunde kumi barua pepe zinaendelea kuingia kwa njia ya kawaida na wewe hujui. Hata ikiwa imewashwa, Android yenyewe hutuma vipimo vidogo vya kuangalia kama intaneti ipo, nje ya VPN. Hivyo havina maudhui yako.

DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Kama uliwahi kuweka DNS ya faragha kwa jina la mtoa huduma, irudishe kwenye hali ya kujiendesha. Inagongana na DNS ya VPN na kuleta tatizo la swali la 17.

12. Kwenye iPhone je?

Programu yenyewe itaomba kuongeza usanidi, na wewe utathibitisha kwa namba ya siri ya simu. Washa kipengele cha kuunganisha chenyewe kinapohitajika, kilichomo ndani ya programu nyingi.

Ujue udhaifu mmoja: tangu 2020 imejulikana kwamba iPhone inaweza kuacha miunganisho iliyofunguliwa kabla ya VPN iendelee nje ya VPN. Washa VPN, kisha washa hali ya ndegeni kwa sekunde chache, uizime. Inapunguza tatizo bila kulimaliza. VPN isiyozimika kabisa hupatikana tu kwenye iPhone zinazosimamiwa na ofisi.

13. Nitapimaje kama inavuja?

VPN ikiwa imezimwa, fungua ipleak.net uone anwani yako ya IP na jina la kampuni ya simu. Washa VPN, pakia upya. Jina la kampuni yako ya simu likitokea popote, kwenye IPv4, IPv6 au DNS, inavuja. IPv6, aina mpya ya anwani za IP (IPv4 ni ya zamani), ndiyo inayosahaulika sana: kwenye utafiti uliotajwa swali la 5, asilimia 84 ya programu ziliivujisha.

Rudia kipimo ukihama kutoka Wi-Fi kwenda data, kwa sababu hapo ndipo nyingi huanguka.

14. Inakula bando kiasi gani?

Data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti, na WireGuard inaongeza baiti 60 kwa kila pakiti kwenye IPv4. Pakiti kubwa ya baiti 1,420, yaani video na kupakua, inaongezeka kwa asilimia 4 tu. Lakini simu za WhatsApp hutuma pakiti ndogo ndogo, na juu ya pakiti ya baiti 150 nyongeza ile ile ni asilimia 40. OpenVPN inazidi kidogo.

Hasara kubwa iko kwingine. Vifurushi vya mitandao ya kijamii hutambua data kwa kuangalia inakokwenda. Ukiwasha VPN, kampuni ya simu haioni tena kwamba ni WhatsApp. Inaona seva tu. Basi data inakatwa kwenye bando la kawaida, na kama huna, inakula salio. Anayelalamika kwamba VPN imemaliza elfu mbili usiku mmoja, mara nyingi ni hili. Zima salio lisitumike kwa intaneti, au usitumie VPN ukiwa kwenye kifurushi cha aina hiyo.

15. Na betri?

Kinachomaliza betri zaidi ni kuamshwa amshwa kwa redio ya simu. WireGuard ina sehemu ya kutuma ishara ya uhai, na wengi huandika sekunde 25 kwa kufuata mafunzo. Data yake ni ndogo, kama kilobaiti 200 kwa siku, ila simu hailali. Sehemu hiyo usiijaze kitu, isipokuwa ofisi inahitaji kukufikia wewe kabla hujatuma chochote.

## Mambo yanapokwama

16. VPN inajizima yenyewe kwenye Tecno, Infinix au itel.

Simu hizi huua programu zinazoendesha kazi nyuma ili kuokoa betri na kumbukumbu, na VPN ni ya kwanza kuonekana mzigo. Fungua Mipangilio, Programu, chagua VPN yako, Betri, uiruhusu itumike bila vizuizi. Kisha ingia Phone Master, programu ya kusafisha inayokuja na simu hizi, tafuta orodha ya programu zinazojiwasha, uiweke VPN humo. Mwisho, kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni, ifunge kwa kufuli ili usiifute pamoja na nyingine unaposafisha.

Fanya zote tatu. Kufanya moja ndiko kunakowafanya watu warudi na swali hili hili baada ya wiki. Simu yenye RAM ya GB 1 au 2 inaweza kuendelea kuiua. Hapo tumia WireGuard tupu badala ya programu nzito ya kampuni.

17. Inasema imeunganishwa, lakini kurasa hazifunguki.

Kama ujumbe mfupi wa WhatsApp unapita lakini picha na tovuti zinakwama, pakiti ni kubwa kuliko njia. Usanidi wa WireGuard wakati mwingine huandikwa ukubwa wa 1,420. Baadhi ya mitandao ya simu haipitishi kiasi hicho. Hariri usanidi, sehemu ya MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) andika 1280. Hakuna marekebisho madogo yanayotibu matatizo mengi kama haya.

Kama hakuna kinachopita kabisa, angalia DNS ya faragha (swali la 11), kisha saa (swali la 18).

18. Haiunganishi kabisa.

Tazama saa ya simu. Betri ikiisha kabisa baadhi ya simu huamka na tarehe ya zamani, na hapo OpenVPN na IKEv2 huona cheti cha seva, kitambulisho chake, bado hakijaanza kutumika. WireGuard nayo hukataa salamu yenye muda ulio nyuma ya ule wa mwisho ilioupokea. Weka saa ijipange kwa mtandao.

Saa ikiwa sawa, jaribu kwa data badala ya Wi-Fi. Ikikubali, Wi-Fi ndiyo inayozuia: hamia OpenVPN kwa TCP 443. Ikikataa kote, badilisha seva kabla ya kufuta na kupakua upya, maana kufuta kunapoteza funguo zako.

19. Programu ya benki inakataa VPN ikiwa imewashwa.

Benki inaona mteja wa Tanga ameingia kutoka Uholanzi na inashtuka, nayo ina haki. Tumia kipengele cha kuitenga programu moja isipitie VPN, kilichopo kwenye programu nyingi za Android. Ikiwa umewasha kizuizi cha swali la 11, programu iliyotengwa inaweza kukosa intaneti kabisa. Izime swichi hiyo wakati wa muamala. Usijaribu nenosiri mara kwa mara ukiwa kwenye VPN. Akaunti ikifungwa utalazimika kwenda tawini.

20. Wi-Fi ya hoteli haileti ukurasa wa kuingia.

Kizuizi kinauzuia. Zima VPN na swichi zake, fungua ukurasa, weka namba ya chumba, kisha washa tena kabla ya kufungua programu nyingine.

## Hali za pembeni

21. Nikifika Horohoro inakatika. Kwa nini?

Karibu na mpaka simu inanasa minara ya Kenya, na kila inapohama mtandao anwani inabadilika. WireGuard na IKEv2 huvumilia, OpenVPN kwa TCP haivumilii. Chagua mtandao wa laini yako kwa mkono, na uzime data ya ng'ambo hadi utakapoihitaji, kwa sababu VPN inayojaribu kuunganisha upya kila dakika inakula salio kwa bei ya ng'ambo.

22. Nikiwasha hotspoti, kompyuta yangu nayo inapita kwenye VPN?

Hapana, kwa Android ya kawaida na iPhone. Kompyuta inapita moja kwa moja kwenye data yako. Iwekee VPN yake.

23. Naweza kuwasha VPN mbili pamoja?

Simu inaruhusu moja tu kwa wakati mmoja. Hata programu nyingi za kuzuia matangazo hujiandikisha kama VPN, ndiyo maana ukiwasha moja nyingine inazimika. Kwenye Android yenye wasifu wa kazi, yaani sehemu ya simu inayosimamiwa na ofisi, upande wa kazi una VPN yake na upande wa binafsi una yake, na haziingiliani.

24. Nakwenda Dubai. Niiache kwenye simu?

Kwa Falme za Kiarabu, sheria ya makosa ya mtandao Na. 34 ya mwaka 2021 inatoza faini ya dirham 500,000 hadi milioni 2 kwa anayeficha anwani yake ya IP kwa nia ya kutenda kosa. VPN ya kuingilia mfumo wa mwajiri ni jambo tofauti, ila beba barua ya mwajiri, na uondoe ile ya binafsi kama huna kazi nayo. Kwa China, weka unachohitaji kabla ya kuondoka: Apple iliziondoa programu nyingi za VPN kwenye duka lake la huko mwaka 2017.

25. Intaneti ikizimwa kabisa, VPN itasaidia?

Haitasaidia. VPN inahitaji intaneti ya kupitia. Kama simu haina data hata kidogo, hakuna programu, itifaki wala seva itakayoirudisha. Piga simu ya kawaida au tuma ujumbe mfupi, kama huduma hizo bado zinafanya kazi.